Kibanda kimoja, ving'amuzi viwili: kwa nini mpira wote haukai sehemu moja, na nifunge vipi hapa Tanga?

Kijana_Makorora ameandika:

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua biashara hii ya kuonyesha mpira.

Kibanda umiza cha viti 60 kinaandaliwa hapa Makorora, Tanga, kianze kazi kabla ya msimu mpya. Wateja wa mtaa huu wanataka Ligi Kuu ya NBC (Coastal Union kwanza, halafu Simba na Yanga), Ligi Kuu ya England, na Ligi ya Mabingwa Ulaya usiku wa katikati ya wiki. Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue king'amuzi cha Azam na cha DStv. Sasa hapo ndipo ninapokwama. Hizi kampuni si zinashindana? Tumezoea kuona ushindani ukishusha bei, kama ilivyokuwa kwenye vocha za simu. Mbona kwenye mpira ushindani umeniletea malipo mawili kila mwezi? Na je, kampuni moja ikichukua haki zote, mtazamaji atapata nafuu au ataumia zaidi?

La pili ni la ufundi: dishi moja linatosha kwa vyote viwili? Paa ni la bati na bahari haiko mbali. La tatu, kuna mtu ananishawishi nichukue kile kisanduku cha intaneti kinachoonyesha "kila kitu" kwa bei ya kutupa. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Mwambao_Matangazo ameandika:

Mgosi, umeuliza swali zuri, na jibu lake liko kwenye aina ya bidhaa inayouzwa. Vocha ya mtandao huu na ya mtandao ule zinafanya kazi ileile, kwa hiyo ukipandisha bei mteja anahama. Mechi ya Coastal na Yanga haina mbadala. Aliyenunua haki ya kuionyesha kwa upekee ndiye mwenye duka pekee la mechi hiyo. Kwa hiyo ushindani wa kampuni hizi unafanyika siku ya zabuni, mbele ya mwenye ligi, na anayenufaika siku hiyo ni muuzaji. Wewe mtazamaji unafika baadaye, ushindani ukiwa umeshakwisha, na gharama ya zabuni iko ndani ya kifurushi chako.

Hapa kwetu picha iko hivi. Azam Media ilianza kurusha mwishoni mwa 2013 na Ligi Kuu ya Tanzania ndiyo iliyoibeba. Yanga waliupinga mkataba ule wa mwanzo. Mei 2021 TFF, shirikisho letu la soka, ikasaini na Azam mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kuanzia msimu wa 2021/22 hadi 2030/31. Gawa kwa 10 unapata wastani wa bilioni 22.56 kwa msimu. Ligi ya timu 16 ina mechi 240, kwa hiyo ni wastani wa milioni 94 kwa mechi. Ni hesabu ya kugawa tu, malipo halisi hayako sawa kila mwaka, lakini inakuonyesha kwa nini mwenye haki hawezi kumgawia mwenzake bure.

England na Ligi ya Mabingwa ziko kwa SuperSport, yaani DStv. Haki hizo huuzwa kwa mizunguko, kwa kawaida misimu mitatu mitatu, na huuzwa kwa eneo zima la Afrika kusini mwa Sahara au kipande kikubwa cha eneo hilo. Kampuni ya nchi moja haiwezi kushindana na mnunuzi anayetandaza gharama kwenye nchi zaidi ya 40. Na tangu Septemba 2025 MultiChoice, kampuni mama ya DStv na SuperSport, iko mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa, iliyokuwa tayari na nguvu kwenye Afrika ya Kifaransa. Wanunuzi wakubwa wawili wamekuwa mmoja. Mimi jambo hilo linanipa wasiwasi zaidi kuliko king'amuzi cha pili.

Kuhusu mmoja kuchukua zote: usilitamani. Ukishakuwa na mlango mmoja tu, mwenye mlango ndiye anayepanga. Lakini pia usidhani kuwagawanya kwa nguvu kunashusha bei moja kwa moja. Uingereza walijaribu. Sky, televisheni yao ya kulipia, ilishika Ligi Kuu yao tangu 1992 ilipoanzishwa. Tume ya Ulaya ikashinikiza kwamba mnunuzi mmoja asichukue mafungu yote, mshindani wake Setanta akaingia kuanzia msimu wa 2007/08. Matokeo yake mtu aliyekuwa analipa sehemu moja akatakiwa kulipa mbili ili aone mechi zilezile. Setanta yenyewe ikaanguka Juni 2009. Baadaye kampuni ya simu ya BT ikaja na fedha nyingi, na kwa misimu ya 2016 hadi 2019 haki za ndani zikafika pauni bilioni 5.136 kwa mechi 168 kila msimu, zaidi ya pauni milioni 10 kwa mechi.

Angalia kilichofuata maana kina funzo. Mkataba ulioanza 2025/26 ni pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne, pamoja na muhtasari wa mechi unaoonyeshwa na BBC, kwa mechi hadi 270 kila msimu. Ukigawa kwa mwaka, fedha ni karibu zilezile, bilioni 1.7. Kilichobadilika ni idadi ya mechi. Joto la zabuni lilipopungua, ligi ilijaza kapu ili ilinde jumla, na kwa mechi moja bei ikashuka hadi karibu milioni 6.2. Ukisikia haki zimepanda, uliza kwanza: mechi ngapi, misimu mingapi?

Mzee_wa_Mkwakwani ameandika:

Mwambao umesema kweli, ila umeiacha hatari ya mzabuni anayeahidi zaidi ya mfuko wake. Hapa Afrika Mashariki tuliiona kwa GTV, kampuni ya televisheni ya kulipia. Mwaka 2007 waliwashinda SuperSport kwa sehemu kubwa ya mechi za England katika Afrika, wakaingia na Tanzania, wakauza ving'amuzi. Tarehe 30 Januari 2009 wakazima, msimu ukiwa katikati. Kile king'amuzi hakikuwa na kazi nyingine.

Na klabu huumia vilevile. ITV Digital ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 315 kwa miaka mitatu kwa ligi za chini za England, ikafilisika 2002, na klabu zilizokuwa zimeshasaini wachezaji kwa kutegemea fedha hizo zikabaki na mishahara isiyolipika. Ufaransa nao: mnunuzi wa haki aitwaye Mediapro aliahidi zaidi ya euro milioni 700 kwa msimu, Oktoba 2020 akaacha kulipa, Desemba mkataba ukavunjwa. Hadi 2025 Ligi ya Ufaransa ikaona bora ifungue chaneli yake yenyewe, Ligue 1+.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanasema TFF ingengoja mzabuni wa bei kubwa zaidi, nauliza: atalipa? Kwa timu kama Coastal Union, yenye Mkwakwani na ubingwa wa 1988 lakini bila umati wa Simba na Yanga kila wiki, malipo ya uhakika kila msimu yana maana kuliko tarakimu kubwa ya siku ya kusaini.

Ila sikubaliani na upekee wa miaka 10. Ni mrefu mno. Ndani ya miaka hiyo hakuna mzabuni mwingine anayejaribu kujenga uwezo wa kurusha ligi yetu, na 2031 ikifika huenda mezani akawepo mmoja tu. Mkataba wa misimu mitatu au minne ungemweka kila mtu macho.

Mwambao_Matangazo ameandika:

Mzee, hoja ya muda naiheshimu, lakini zingatia mtaji. Kurusha mechi mikoani kunataka gari la matangazo, kamera nyingi, jenereta na kiungo cha setilaiti, kutoka Tanga mpaka Kagera na Mbeya. Hakuna anayenunua vifaa hivyo kwa mkataba mfupi. Ninachotaka mimi ni kipengele cha kumuuzia mwenzako sehemu ya haki, kwa mfano mechi chache kila mzunguko kwa chaneli ya bure. Inawezekana. AFCON ya Côte d'Ivoire, Januari 2024, SuperSport walishatangaza kwamba hawataonyesha kwa sababu haki zilikuwa kwa New World TV ya Togo. Siku chache kabla ya kuanza wakaelewana na mashindano yakaonekana.

Kulazimisha kwa kanuni ni kugumu. Nigeria mwaka 2020 msimamizi wao wa utangazaji alipiga marufuku upekee na kuamuru mwenye haki awauzie wengine. Mahakama ya Lagos ikaja kuvibatilisha vipengele hivyo mwaka 2022. Hapa kwetu mwenye meno ni Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa leseni. Wakitaka kufanya kitu, wakati mzuri ni kabla ya zabuni, kwenye masharti ya kuuza. Mkataba ukishasainiwa utaishia mahakamani.

Fundi_Chumbageni ameandika:

Mimi nijibu la dishi. Dishi moja halitoshi, na sababu ni jiometri. DStv iko nyuzi 36 mashariki. Azam iko nyuzi 7 mashariki. Tofauti ni nyuzi 29, na hakuna dishi la kawaida la sentimita 80 au 90 linaloshika zote mbili kwa ubora wa kibiashara.

Ukiwa Tanga mjini, setilaiti ya DStv iko karibu utosini: mwinuko kama nyuzi 83, upande wa kaskazini ukielekea kidogo magharibi, dira kama 329. LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) uizungushe kama nyuzi 31 kwenye kishikio chake. Azam iko chini zaidi: mwinuko kama nyuzi 52, karibu magharibi kabisa, dira kama 278, na LNB inazunguka kama nyuzi 80, karibu robo ya duara. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Wanapata nguvu ya mawimbi 80 kwa mia na ubora 30, wanadhani dishi ni bovu, kumbe LNB imesimama wima kama ilivyotoka kiwandani. Zungusha polepole, ngoja sekunde chache kila hatua, na utazame ubora. Nguvu peke yake haikuambii chochote, hata setilaiti ya jirani inakupa nguvu.

Kabla ya kufunga hakikisha upande wa magharibi hauna mwembe wala ghorofa. Kwa nyuzi 52, kizuizi kilicholipita dishi mita 5 juu kinatakiwa kiwe mbali angalau mita 4. Na usiangalie mti ulivyo leo, angalia utakavyokuwa baada ya masika mawili.

Usifunge bomba kwenye bati. Bati linacheza na upepo wa kusi, dishi linahama nyuzi moja na picha inaganda kipindi cha pili. Piga bomba la inchi mbili ukutani kwa boliti za kupanua, au limwagie zege chini. Chumvi ya bahari ni adui wa pili. Nunua boliti zilizopakwa zinki, kila kichwa cha kebo kwenye LNB ukifunike kwa mpira wa kuzuia maji, na kabla kebo haijaingia ndani iache ining'inie kitanzi kidogo ili maji yadondoke nje. Kebo iwe RG6 ya shaba na kipande kiwe kimoja. Kila kiungo cha katikati ni mlango wa maji, na nyaya ikishakuwa kijani ndani, hata dishi likae sawasawa vipi ubora hautapanda.

Mvua kubwa ya masika itakukatia picha hata ufanye nini, na Azam itatangulia kwa sababu mawimbi yake yanapita njia ndefu zaidi ndani ya wingu. Dishi kubwa kidogo, sentimita 90 badala ya 60, linakununulia dakika. Azam wana king'amuzi cha antena pia, na hicho hakiogopi mvua kama dishi, ila kabla hujalipa uliza kama chaneli ya michezo unayoitaka imo kwenye kifurushi cha antena. Vifurushi vya antena na vya dishi havifanani.

Ndani ya kibanda: HDMI ndefu kupita mita 10 huleta nukta nyeupe au skrini nyeusi. Kama runinga ziko mbali, tumia vifaa vya kupitisha HDMI kwenye kebo ya mtandao ya Cat6. Projekta ya zamani isiyokubali HDCP (ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe) itakuonyesha giza hata king'amuzi kikiwa kizima. Jaribu kabla hujalipa.

Kijana_Makorora ameandika:

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Bado naomba kuelewa mambo mawili. Je, kifurushi cha nyumbani kinaruhusiwa kwenye kibanda? Na Jumamosi jioni mechi za England zinagongana na ligi yetu, nipange vipi?

Dada_wa_Bagamoyo ameandika:

Kaka, kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukitoza kiingilio hiyo ni maonyesho ya hadhara, na haki za mtangazaji zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. DStv wana vifurushi vya biashara. Kwa Azam nenda ofisini kwao, uliza masharti ya maeneo ya biashara na upewe jibu kwa maandishi, kisha ulitunze pamoja na risiti. Zaidi ya hapo kuna leseni ya biashara ya Halmashauri ya Jiji, makadirio ya kodi ya TRA, na ukionyesha filamu siku zisizo na mpira, kibali cha Bodi ya Filamu. Kile kisanduku cha intaneti achana nacho. Mbali na kuwa ni wizi, kinachelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi: jirani anashangilia goli, wateja wako bado wanaangalia kona. Na picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa. Siku mwenye haki akifunga seva, aliyekuuzia hapatikani.

Saa za mechi ndizo zinazoamua ving'amuzi vingapi. Mechi za England za saa 9 alasiri kwao siku ya Jumamosi huwa saa 11 jioni kwetu wakati wa saa zao za kiangazi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi zinasogea hadi saa 12 jioni. Ile ya mapema ni saa 8:30 mchana, kisha 9:30. Ya usiku ni saa 1:30, kisha 2:30. Ligi ya Mabingwa ni saa 4 usiku, kisha saa 5, na mechi za saa 5 zinaisha karibu saa 7 usiku, kwa hiyo panga mlinzi na usafiri wa msichana wa chai mapema.

Jambo ambalo wengi hawalijui: hizo mechi za saa 9 alasiri ya Jumamosi hazionyeshwi moja kwa moja Uingereza kwenyewe. Kuna katazo la tangu miaka ya 1960, kati ya saa 8:45 na saa 11:15 kwa saa zao, ili watu waende viwanjani. Sisi huku tunaziona zote, na zinachezwa kwa pamoja kwenye chaneli tofauti. King'amuzi kimoja kinakupa mechi moja tu, kwa hiyo kama wateja wako ni wa Arsenal na Manchester United kwa pamoja, utahitaji king'amuzi cha pili cha DStv au utachagua upande.

Mzee_wa_Mkwakwani ameandika:

Katazo hilo linanivutia. Coastal wanapocheza Mkwakwani saa 10 jioni na kibanda kiko mita 800, mtu anachagua kivuli na chai. Bodi ya Ligi ingefikiria kuzuia mechi isionekane mkoa inapochezwa.

Dada_wa_Bagamoyo ameandika:

Mzee, setilaiti haiwezi kuzima Tanga peke yake bila kufunga kadi za wateja wa mkoa mzima, na wa Lushoto au Handeni ungewaadhibu kwa uwanja wasioweza kuufikia jioni ile. Bora klabu na vibanda vielewane. Siku Coastal wakiwa nyumbani, kibanda kiuze tiketi za uwanjani kwa kamisheni na kionyeshe mechi nyingine.

Fundi_Chumbageni ameandika:

Hilo la tiketi nimelipenda. Kijana, nyongeza moja ya mwisho. Ukilipia kifurushi, king'amuzi kiwe kimewashwa na kiko kwenye chaneli uliyolipia, maana ruhusa inatumwa hewani. Ukilipa kikiwa kimezimwa, kwa DStv utakutana na ujumbe wa hitilafu E16, na utahitaji kuomba ruhusa itumwe tena kwa programu yao au kwa simu, kisha ukiache kimewaka. Ikiandika E48 hiyo si malipo, ni mawimbi: kagua kebo na LNB. Na usilipie siku ya mechi saa moja kabla, mitandao ya malipo huzidiwa wakati huohuo. Lipia asubuhi. Lipia mwezi mmoja mmoja mpaka uone ratiba ya msimu na chaneli zilizomo. Malipo ya mwaka mzima fanya tu kwa kile kifurushi cha Ligi ya NBC, ambacho mkataba wake unajulikana mwisho wake.

Kijana_Makorora ameandika:

Nimeshukuru wakuu. Naanza na madishi mawili ukutani, Azam moja na DStv moja, na leo nakwenda kuulizia vifurushi vya biashara. Fundi, nikishapata bomba nitaweka hapa vipimo vya ubora kabla sijakaza boliti.

Fundi_Chumbageni ameandika:

Sawa. Weka namba za ubora za chaneli ya HD, usiweke za chaneli ya kawaida. Na upime mchana wa jua kali, halafu tena usiku.